Kiti cha Mhariri

Kwa waigizaji wengi wa Dar es Salaam waliokulia kwenye sanaa miaka ya 1980 na 1990, shule ya kwanza ilikuwa baa. Mwisho wa wiki vikundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre, ile TOT ya Kapteni John Komba iliyoanzishwa 1992, vilipanda kwenye kumbi za wazi vikiwa na ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, vichekesho na maigizo, vyote katika onyesho moja lililokwenda kwa saa nyingi. Igizo mara nyingi halikuwa na skripti. Kiongozi aliwakusanya wenzake, akawasimulia kisa, akawagawia nafasi, na maneno yakazaliwa huko huko mbele za watu. Aliyechekesha alijua papo hapo kwamba amechekesha. Aliyechosha alijua pia, tena mapema zaidi. Na aliyemgusa mtu moyoni alimwona akiinuka kwenye kiti, anakuja jukwaani na noti mkononi kumtunza, hata kama mhusika wake wakati huo yuko katikati ya msiba.

Hadhira ya namna hiyo inafundisha vitu ambavyo hakuna chuo kinavifundisha haraka hivyo. Inakufundisha kusubiri kicheko kiishe kabla hujasema neno linalofuata. Inakufundisha kugeuka ili hata aliyesimama kule nyuma, karibu na jiko la nyama choma, akuone uso. Maigizo ya televisheni yalipokuja, na vikundi kama Kaole Sanaa Group, alikopita marehemu Steven Kanumba kabla hajawa jina kubwa la Bongo Muvi, vikaanza kuingia sebuleni kwa watu kila wiki, mazoea ya jukwaani yalihamia kwenye kioo pamoja na wenyewe. Kenya mambo hayakuwa tofauti sana. Ukitazama vipindi vya zamani vya Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa watu, anaicheza studio nzima kana kwamba ina safu ishirini za viti. Anaiweza, kwa sababu ni vichekesho na kamera zimekaa mbali naye.

Taabu inaanza kamera inaposogea. Mwongozaji anasema "Ekshen!", na kinachofuata ni ukimya. Watu wapo, kumi au kumi na watano, lakini wamekatazwa kucheka, kukohoa na kutembea. Mwigizaji anatoa kile kilichowainua watu vitini Jumamosi, na hakuna kiti kinacholia. Wengi hapo hufanya mojawapo ya mambo mawili: wanaongeza nguvu, wakidhani haijatosha, au wanaanza kumtazama mwongozaji kwa jicho la pembeni kutafuta kibali. Yote mawili kamera inayaona.

Swali la sura hii ndilo hilo: hadhira ikiondoka, nani anamfundisha mwigizaji? Jibu langu si mwongozaji, na si mwalimu pia. Ni kiti cha mhariri. Mwigizaji anayetaka kuijua kamera akae mwenyewe mbele ya kompyuta, au hata simu, akate na kuunganisha picha alizocheza yeye, na filamu fupi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumfikisha kwenye kiti hicho.

Lakini kabla hajafika huko, kuna neno moja ningependa liondolewe kwenye midomo ya walimu. Neno hilo ni "punguza". Punguza sauti, punguza mikono, punguza uso. Mtu wa jukwaani akisimama mbele ya kamera mara ya kwanza hulisikia mpaka akalichukia, na nadhani ana haki. Mwigizaji aliyeambiwa apunguze hupunguza kila kitu, mpaka na haja ya mhusika wake. Unabaki na mtu aliyekaa vizuri, uso umetulia, anatamka maneno yake kwa sauti ya kusoma risala. Ndiyo maana filamu zetu nyingi zina watu wa aina mbili tu, wanaopiga kelele na wanaosinzia.

Badala ya kumpunguza, mbadilishie umbali na umpe kazi. Umbali ni jambo la wazi: jukwaani mwenzake anayezungumza naye ni kisingizio, anayesikilizishwa hasa ni mtu wa nyuma; kwenye filamu maiki inaning'inia juu kidogo ya kichwa chake, kwa hiyo amfikie yule aliyekaa naye mezani na aishie hapo. Kazi inahitaji mfano.

Kuna zoezi ninalolipenda la maneno machache kabisa. Mama lishe wa makamo, asubuhi, kwenye banda lake. Anaingia kijana wa bodaboda anayedaiwa chai na chapati za wiki nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunywa au umekuja kulipa?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Salamu nimezipokea."

"Basi nipe na chai."

"Kaa."

Hayo tu. Kijana aliyetoka kwenye kundi la maigizo akipewa nafasi hii, mara ya kwanza atajikuna kichwa, atacheka kwa sauti kwenye "kukusalimia", na atageuza mwili robo kuelekea kamera ili aibu yake ionekane. Usimwambie apunguze. Mwambie ahesabu chapati zilizobaki kwenye sahani bila mama kumwona anahesabu. Ghafla macho yana shughuli. Yanashuka, yanapanda, yananaswa, na ile "Nimekuja kukusalimia" inatoka imechelewa nusu sekunde, kwa sababu alikuwa kwenye chapati ya nne. Mama naye mpe birika na glasi, na sharti moja: aanze kumimina kabla hajasema "Kaa". Ukimruhusu aseme kwanza, atatafuta namna ya kulisema, kwa ukali au kwa huruma, na vyote viwili vitasikika vimetafutwa. Akianza kumimina, uamuzi umeshafanyika mkononi, na neno linafuata tu.

Piga zoezi hilo mara tatu kwa mikao mitatu: picha ya mbali inayowachukua wote wawili, kisha picha ya karibu ya kijana juu ya bega la mama, kisha ya mama juu ya bega la kijana. Halafu wape wote wawili picha zote, kila mmoja peke yake, waunganishe kipande cha dakika moja kabla ya jioni. Programu za kuhariri za bure kwenye simu zinatosha kabisa.

Saa moja baadaye banda zima linasikia watu wanajilaumu. Kijana amegundua kwamba kwenye picha ya mbali alijikuna kichwa kwa mkono wa kulia kwenye neno "nimekuja", na kwenye picha ya karibu akajikuna kwa mkono wa kushoto, baada ya kusema. Picha hizo mbili haziungani. Afanye nini? Aende kwenye picha ya mama? Akienda kwa mama, anagundua kwamba kwenye picha ya mama yeye alidakia kabla mwenzake hajamaliza "umekuja kulipa", kwa hiyo sauti yake, isiyokuwa na sura, imekaa juu ya neno muhimu kuliko yote. Chai kwenye glasi inapanda na kushuka kutoka picha hadi picha. Hakuna mwalimu aliyemkemea, na kesho yake atakuwa anajua mkono wake uko wapi.

Hilo la mwendelezo ndilo linaloonekana haraka. La maana zaidi huja taratibu, mtu akishaanza kutafuta picha nzuri. Anaanza kwa kutafuta picha zake anapozungumza, kama kila mwigizaji. Baadaye anaona kwamba kipande kinasimama vizuri zaidi akikata kwenda kwake wakati mama ndiye anayesema, na hapo anakutana na balaa: kwenye picha hizo hafanyi kitu. Anasubiri zamu yake. Macho yamekufa, midomo inatembea kidogo ikirudia sentensi inayokuja. Mwigizaji akishajiona mara moja akisubiri zamu, somo la kusikiliza limekwisha.

Warusi waliyajua haya ya kiti cha mhariri kabla ya wengi. Lev Kuleshov, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917, alichukua picha ya karibu ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso umetulia, akaiunganisha na picha tatu tofauti. Kwa maelezo ya Vsevolod Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, zilikuwa bakuli la supu, maiti ndani ya jeneza, na mtoto mdogo akicheza. Waliotazama walimsifu Mozzhukhin kwa alivyoonyesha njaa, kisha majonzi, kisha furaha ya baba. Uso ulikuwa ule ule. Mkanda wenyewe haupo tena, umebaki kusimuliwa, na walimu wengi wa filamu wanausimulia kwa namna ya kumnyamazisha mwigizaji: umeona, kazi yote ni ya mhariri, wewe simama tu. Mimi nausoma kinyume. Mwigizaji anayejua kwamba jeneza linakuja baada ya uso wake hana haja ya kulilia kabla halijaonekana. Anamwachia mtazamaji nafasi. Filamu zetu zenye vilio vya dakika tatu, kamera imeganda usoni na kinanda kinalia nyuma, zina kasoro hiyo hiyo: uso, muziki na maneno vyote vinasema jambo moja kwa wakati mmoja, na mtazamaji hajaachiwa la kufanya.

Jingine la Kuleshov halisimuliwi sana, nalo linatuhusu zaidi. Filamu ghafi iliadimika Urusi baada ya mapinduzi, na shule ya serikali ya sinema iliyofunguliwa Moscow mwaka 1919 ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko mikanda. Kuleshov na kundi lake wakaanza kutengeneza "filamu bila filamu". Waliigiza mbele ya watu vipande vifupi vifupi, kila kimoja kimepimwa kama picha moja ya kamera, vikifuatana kwa mpangilio ambao mhariri angevipanga. Kamera haikuwepo. Mwaka 1924 walipopata mkanda wa kutosha kutengeneza filamu ya vituko vya Bwana West katika nchi ya Wabolsheviki, waigizaji wale walikuwa wameshajua kukata kwa miili yao.

Zoezi hilo halina gharama. Chukua boksi la biskuti, likate dirisha la mstatili, mwenzako alishike mbele ya uso wako kwa umbali wa mkono, na wengine wakutazame kupitia hapo. Mkono ukitoka nje ya dirisha, haupo. Ukitaka glasi ionekane, ipandishe mpaka kifuani kwa sababu inayoeleweka. Kikundi kikifanya hivi wiki nzima kabla ya kugusa kamera, siku ya kupiga picha mnaokoa saa nyingi. Watu wa zamani walilazimika kuwa na nidhamu hiyo: mkanda wa futi 400 wa filamu ya milimita 16 ulikwisha kwa dakika kama 11, na kila kurudia kulikuwa pesa inayozunguka. Leo kadi ya kumbukumbu inabeba saa nzima na mwigizaji anarudia mara ishirini bila kufanya mazoezi hata mara moja. Ningeweka kikomo: mara tatu kwa kila mkao, basi.

Macho yanastahili aya yao. Mwaka 1987 Michael Caine, mwigizaji wa Uingereza, alifanya somo la televisheni la BBC kuhusu kuigiza kwenye filamu, na mawili kati ya aliyoyasema yamezunguka dunia. La kwanza, usipepese kope hovyo kwenye picha ya karibu. La pili, chagua jicho moja la mwenzako ubaki hapo hapo, usihamehame kutoka jicho hadi jicho. Nusu ya wanafunzi wakisikia la kwanza wanakodoa kama waliopigwa na taa za gari, kwa hiyo liambatanishwe na busara. La pili ni la kweli kabisa, na kwenye kiti cha mhariri linajieleza lenyewe: uso wa karibu ukijaza kioo, mboni zinazohama zinaonekana kama mtu mwongo. Tena mara nyingi unayezungumza naye hayupo. Amekwenda kubadilisha nguo, na wewe unaikazia macho tepu iliyobandikwa kando ya lensi huku msaidizi anakusomea maneno ya mama yako kwa sauti ya mtangaza mnada. Mwenzako wa kweli akikubali kukaa pale nyuma ya kamera na kukuchezea ingawa yeye haonekani, mshukuru, na zamu yake ikifika ulipe.

Sasa filamu fupi yenyewe. Kanuni za Oscar zinaihesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini kwa mafunzo hizo ni nyingi mno. Dakika tatu mpaka saba zinatosha. Watu wawili, mahali pamoja, mmoja anataka kitu na mwingine anacho. Vikundi vya waigizaji vina tamaa ya kuingiza kila mtu, na matokeo yake ni filamu ya dakika nane yenye harusi, ajali, mganga na hakimu. Aliyekosa nafasi mbele ya kamera apewe kazi nyuma yake, na asiichukulie kama adhabu. Mpe ashike fimbo ya maiki siku moja, masikio yamefunikwa na hedifoni. Atasikia bangili za mwenzake zikigonga meza juu ya kila neno la maana. Atasikia mtu anayevuta kiti huku anaongea. Atasikia bodaboda ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, atajua kwa nini mwongozaji amesimamisha kazi mpaka adhana iishe, na atajua kwa nini mwisho wa siku wote wanaambiwa wasimame kimya nusu dakika wakati sauti ya chumba chenyewe inarekodiwa. Akirudi mbele ya kamera, bangili atazivua mwenyewe.

Mfano mzuri wa jinsi ufupi unavyomdai mwigizaji ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu ya Kenya ya 2009 yenye dakika kama 20. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi wamejifungia ndani, na Asha, anayechezwa na Kudzani Moswela, anapata udongo wenye dalili ya uhai. Katika dunia hiyo watu hawazungumzi kwa midomo. Asha anajibizana na wakubwa wake kupitia kompyuta. Mwigizaji amenyang'anywa silaha ambayo sisi tunaitegemea kuliko zote. Kinachobaki ni anavyokishika kichupa cha udongo, anavyokinusa, anavyopima jasho lake. Ukiwa na kikundi chenye maneno mengi, wape watengeneze filamu ya dakika tatu isiyo na neno hata moja. Watalalamika siku ya kwanza.

Wapo waliojaribu kuyafundisha haya kwa mpango. Mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab Kampala mwaka 2004, kwa ajili ya vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Nairobi kulikuja warsha za One Fine Day Films za Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, zilizozaa Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010, kisha Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga mwaka 2012. Manufaa yake yanaonekana, ingawa nguvu kubwa ilikwenda kwa waandishi, waongozaji na mafundi, na mwigizaji akatarajiwa aje ameshaiva. Hata hivyo Nairobi Half Life ni somo la uigizaji lililojificha ndani ya filamu ya uhalifu. Joseph Wairimu anamcheza Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, mikono hewani, sauti juu. Huyo ndiye mtu wa baa tuliyeanza naye. Kisha anafika Nairobi, anaibiwa, anatupwa mahabusu, na Wairimu anaubadilisha mwili ule ule: mikono inarudi karibu na mbavu, macho yanafanya kazi iliyokuwa inafanywa na mabega. Anajua kuwa mkubwa na anajua kusogea karibu. Mtazame na kitufe cha kusimamisha mkononi.

Kwa Queen of Katwe ya 2016, Mira Nair alimpata Madina Nalwanga, aliyecheza Phiona, kwenye darasa la ngoma huko Kampala. Hainishangazi. Mtu wa ngoma anajua kurudia hatua ile ile mahali pale pale, na kwenye seti, hiyo ni nusu ya kazi: kuna tepu sakafuni, na lensi ya milimita 85 iliyofunguliwa sana inaweka wazi sentimita chache tu za kina. Ukiinama mbele kwa hisia, uso wako unakuwa ukungu na hisia inakwenda nao.

Ukishafanya filamu mbili au tatu za namna hii, utaanza kuitwa kwenye usaili, na siku hizi usaili mwingi unatumwa kwa simu. Hapo mwigizaji aliyekaa kwenye kiti cha mhariri anatambulika mara moja. Anailaza simu kwa upana na kuiweka usawa wa macho, anasimama mbele ya ukuta usio na kalenda, dirisha liko mbele yake, kisogo kimegeukia ukuta. Anataja jina akiitazama lensi, kisha haitazami tena mpaka mwisho. Anatuma rekodi mbili zinazotofautiana, anazifuta tano zinazofanana. Na anamchagua kwa uangalifu mtu wa kumsomea maneno ya mhusika wa pili: anamweka kando ya simu na kumtaka asome taratibu kuliko yeye, bila kuigiza sana, maana yuko karibu na maiki kuliko mwenye usaili. Wapo waliotuma kazi nzuri, na kilichosikika kule mwisho ni shemeji yao akipiga kelele.